Petroli na Oili ya Mashine za Kupulizia Mikorosho: Hotuba kwa Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa



Hotuba hii imeandikwa ili isomwe kwa sauti katika mikutano ya vijiji na ya vyama vya msingi, kabla ya majira ya kupulizia salfa. Twawaomba Walimu na wote wajuao kusoma wawasomee wasiojua, tena wasome polepole mahali penye hesabu, maana hesabu ndogo ndiyo kiini cha maneno yetu. Twataka kunena habari za chakula cha mashine, yaani petroli na oili zitiwazo katika mashine za kupulizia mikorosho, na hasa mashine zile za zamani ambazo zimekwisha kupita mikono mingi na kitabu chake hakionekani tena.

Kila mtu hapa ajua korosho ni nini kwetu. Kwa korosho watoto hununuliwa sare na madaftari, nyumba huezekwa bati, na mgonjwa hupelekwa hospitali. Wazee wakumbuka pia jinsi mali hii ilivyotaka kutupotea. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata korosho tani 145,000 hivi. Katika msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Watu walihamia vijiji vipya vilivyo mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, mashamba yakaachwa yakawa pori. Na juu ya hayo ukaja ugonjwa wa ubwiri unga, ulioonekana nchini mwaka 1979. Ugonjwa huu ni kuvu nyeupe kama unga wa muhogo. Hushika majani machanga na maua, maua yakanyauka yakawa meusi, na ua lililonyauka halizai. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, walionyesha kwamba salfa ikipulizwa kwa wakati wake huuzuia ugonjwa, na tangu hapo kazi ya kupulizia imekuwa sehemu ya kilimo chetu kama palizi.

Lakini mkorosho ni mti mrefu, na mkono wa mtu haufiki juu. Salfa hupandishwa kwa upepo wa mashine ibebwayo mgongoni, na upepo huo hufanywa na injini ndogo ya petroli. Kazi hufanywa alfajiri, hewa ikiwa imetulia na umande ungali juu ya majani, nayo hurudiwa mara kadhaa kati ya Juni na Septemba. Mashine ikifa katika juma lile maua yafunguapo, maua hayamngoji fundi, wala hayangoji spea kutoka Dar es Salaam. Mwenye shamba huona kwa macho yake mavuno ya mwaka mzima yakigeuka meusi. Kwa hiyo chupa ya oili, ambayo bei yake ni ndogo, yaweza kulinda magunia mengi ya korosho. Na uchoyo wa vijiko vichache vya oili waweza kuyapoteza.

Sasa tueleze mashine hii ni ya namna gani. Injini yake huitwa injini ya mapigo mawili. Ni ndugu wa injini za kupachika za zamani, zile ambazo wavuvi wa Lindi na Kilwa huzifunga nyuma ya mashua. Tena ni ndugu wa misumeno ya injini ikatayo mbao. Zote zina desturi moja: oili yao hunywewa pamoja na petroli. Gari, na pikipiki nyingi za siku hizi, zina mahali pake pa oili, mbali na tangi la petroli. Injini ndogo hii haina mahali hapo. Petroli iingiayo hupita kwanza katika tumbo la injini, pale chini penye mhimili uzungukao, kisha hupanda juu ya pistoni na kuwaka. Oili iliyochanganywa nayo huenea juu ya vyuma na kuvilainisha, halafu nayo huungua na kutoka pamoja na moshi.

Namna hii ya injini ilibuniwa na Mwingereza Joseph Day, katika mji wa Bath, karibu na mwaka 1890. Faida yake ni kwamba injini huwa nyepesi, ina vyuma vichache, na huweza kuinamishwa bila ya oili yake kukimbilia upande mmoja. Ndiyo maana ilimfaa mvuvi: mwaka 1909 Ole Evinrude, Mmarekani aliyezaliwa Norway, alianza kuuza injini za namna hii za kupachika nyuma ya mashua, na baadaye zikaenea katika bahari na maziwa ya ulimwengu wote. Na kwa sababu hiyo hiyo yamfaa mtu abebaye mashine mgongoni akiinama na kuinuka chini ya matawi. Walakini faida hiyo ina sharti lake. Asiyetia oili katika petroli ameiua injini, na kufa kwake hakuchukui siku mbili, ni dakika chache tu. Pistoni hupata joto, huvimba, huchuna ukuta wa silinda, kisha hukwama. Hapo kamba ya kuwashia huvutwa wala haiji.

Basi tuna mambo matano ya kusema: petroli, oili, kipimo, kuchanganya na kuweka, na mwisho ni nani mwenye dhamana.

Jambo la kwanza ni petroli. Ziko imani mbili vijijini ambazo yafaa tuzipime. Imani ya kwanza husema kwamba mashine ya zamani yataka petroli ya zamani, ile iliyokuwa na risasi, na kwamba petroli ya siku hizi ni dhaifu. Hii si kweli. Risasi ilitiwa zamani ili petroli isilipuke kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na katika magari ya kale ilikinga pia vali za moshi. Injini yetu haina vali za moshi. Ina matundu tu katika ukuta wa silinda, ambayo pistoni huyafungua na kuyafunga ikipanda na kushuka. Tena injini ya zamani haiikandamizi sana petroli, kwa hiyo haidai petroli ya daraja la juu wala ya bei kubwa. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiacha katika magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Mashine yako ya zamani haikupoteza kitu. Petroli ya kawaida ya kituo cha mafuta yaifaa kabisa, na plagi yake hukaa safi zaidi kuliko zamani.

Imani ya pili ni mbaya zaidi. Husema kwamba petroli ikipungua yaweza kuongezwa mafuta ya taa kidogo, maana yote ni mafuta. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi, nayo hulipuka ovyo yakibanwa. Injini ikila mafuta hayo hugonga kama msumari ndani ya debe, hupata joto kuliko kawaida yake, na yale yasiyoungua huiosha oili katika kuta za silinda na kuziacha kavu. Ni kweli ziko injini za kupachika zilizoundwa makusudi kwa mafuta ya taa, nazo huwashwa kwanza kwa petroli mpaka zipate moto. Lakini injini ya kupulizia mikorosho si mojawapo. Asiyekuwa na petroli ya kutosha heri apulizie miti michache leo kwa petroli safi, na iliyobaki aipulizie kesho.

Kuchanganya mafuta kwa hila, ambako sote twakuita uchakachuaji, kulikuwa biashara ya watu wengine wakati mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko petroli na dizeli. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, ilianzisha utaratibu wa kutia alama ya siri katika mafuta yaliyolipiwa kodi, ili wakaguzi wayatambue yaliyoghoshiwa. Na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya hila hiyo iondoke. Mamlaka hiyo hutangaza bei ya kikomo ya mafuta kila mwezi, wilaya kwa wilaya. Mnunuzi wa kituoni anayo haki ya kujua bei hiyo na kudai risiti, na risiti ndiyo shahidi wake mashine ikiharibika.

Twajua kwamba vijiji vingi viko mbali na kituo, na kwamba petroli huuzwa kando ya njia katika chupa za maji. Hatusemi kwamba kila auzaye hivyo ni mwongo. Wengi ni watu wema wanaowafaa wenzao. Lakini petroli ya chupa haina mtu aipimaye, nayo hukaa juani, na sehemu yake nyepesi, ndiyo iwashayo injini upesi asubuhi, hutoka kwanza. Afadhali wakulima wa mtaa mmoja wachange fedha, wamtume mtu mmoja mwaminifu kituoni na dumu safi, anunue petroli ya majuma mawili au matatu, si zaidi.

Na ikiwa huna budi kununua ya chupa, ipime kwa njia mbili. Kwanza, iache itulie kwa saa moja katika chupa nyeupe ionekanayo ndani. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, na mpaka wake huonekana kama mstari. Pili, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe safi, kabla ya kutia oili. Petroli nzuri hukauka upesi na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Iliyotiwa mafuta mengi ya taa huacha doa la mafuta likaalo. Majaribio haya hayamfichui mwizi aliye stadi, lakini humfichua mwizi wa pupa, na wengi ni wa pupa.

Wako pia wasomao vitabu vya injini vya ng'ambo, wakakuta maonyo juu ya petroli yenye spiriti. Maonyo hayo yana sababu. Huko Marekani petroli nyingi huchanganywa na spiriti ya mahindi kiasi cha sehemu kumi katika mia. Na jirani zetu wa Malawi wamekuwa wakichanganya spiriti ya miwa tangu mwaka 1982. Spiriti huvuta maji, tena huilainisha na kuipasua mipira ya injini za kale. Basi mashine iliyotumika katika nchi hizo, au dumu la petroli lililovuka mpaka, ni la kuangaliwa vema.

Jambo la pili ni oili. Si kila kiitwacho oili hufaa. Oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka katika gari, isitiwe kamwe. Imejaa masizi na unga wa chuma, na kuitia katika injini ni kama kusaga unga penye mchanga. Oili ya pikipiki na gari, ijapokuwa mpya, haikutengenezwa ili iungue. Huacha majivu juu ya pistoni na katika plagi. Zamani sana, kabla ya oili maalum kuenea, vitabu vya injini za kupachika viliagiza oili ya kawaida ya namba 30, lakini iliagizwa kwa wingi mkubwa, sehemu moja kwa sehemu kumi na sita au ishirini na nne za petroli, na plagi zilisafishwa mara kwa mara. Siku hizi haina haja.

Nunua oili iliyoandikwa kwamba ni ya injini za mapigo mawili. Kisha usome herufi zilizo ubavuni mwa chupa, maana ziko namna mbili. Oili yenye herufi TC-W3 ni ya injini za kupachika, ambazo hupozwa kwa maji ya bahari au ya ziwa. Injini ya mgongoni hupozwa kwa upepo tu, na joto lake ni kubwa zaidi. Yataka oili yenye herufi JASO FC au JASO FD, au API TC peke yake pasipo W3. Twasema haya kwa sababu watu wetu wana ndugu pwani. Mtu atokaye Lindi na chupa ya oili ya mashua aliyopewa na shemeji yake mvuvi, amepewa kitu kizuri, lakini ni kizuri kwa mashua. Na mvuvi naye asichukue ya mikorosho akaitia katika injini ya mashua. Kila injini na oili yake.

Jambo la tatu ni kipimo, na hapa ndipo penye neno kubwa la hotuba hii. Vitabu huandika 50:1 au 25:1. Maana yake ni sehemu hamsini za petroli kwa sehemu moja ya oili, au sehemu ishirini na tano kwa sehemu moja. Wengi hukadiria kwa jicho, au kwa kifuniko cha chupa, na vifuniko si sawa. Twawapa njia iliyo rahisi. Nunueni katika duka la dawa bomba la sindano la mililita 20, mtupe sindano yake mahali pa salama, na bomba hilo liwe la oili tu. Mashine ya 50:1 hutiwa bomba moja kwa kila lita ya petroli. Mashine ya 25:1 hutiwa mabomba mawili kwa kila lita. Basi kidumu cha lita 5 ni mililita 100 kwa mashine ya 50:1, na mililita 200 kwa mashine ya 25:1. Dumu la lita 20 ni mililita 400 kwa ile ya kwanza, na mililita 800 kwa ile ya pili.

Sasa swali: ufuate kipimo kipi? Chupa ya oili huandikwa mara nyingi 50:1, na kijana aisomaye hudhani hiyo ndiyo amri. Siyo. Chupa haiijui mashine yako. Fuata kitabu cha mashine, au maandishi yaliyo juu ya kifuniko cha tangi lake. Mashine nyingine za zamani ziliundwa wakati oili zilipokuwa duni, nazo hudai oili nyingi kuliko mashine mpya. Na ziko mashine ambazo kitabu chake huruhusu 50:1 kwa oili ya kiwanda chake tu, na kwa oili nyingine huagiza 25:1.

Kama kitabu kimepotea na maandishi yamefutika, fuata 25:1 kwa oili nzuri. Sababu yake ni hii. Yako makosa mawili ya kipimo, na makosa hayo hayalingani. Oili ikizidi kidogo, mashine hutoa moshi, na plagi hushika masizi. Utaifungua, utaisugua kwa brashi, na baada ya dakika kumi utarudi kazini. Oili ikipungua, pistoni na silinda hufa, na msimu wako umekwisha. Mwenye kuchagua kati ya moshi na mauti achague moshi. Lakini asidhani kwamba akitia mara tatu au nne ndiyo atailinda zaidi. Oili iliyozidi mno hukaa mahali pa petroli, injini ikakosa chakula chake ikapata joto; na masizi huziba njia ya moshi mpaka nguvu ya upepo ikapungua, na salfa isifike kileleni mwa mti.

Jambo la nne ni kuchanganya na kuweka. Usichanganyie ndani ya tangi la mashine, maana oili huzama na injini huanza kunywa kisichochanganyika. Chukua kidumu safi kikavu. Tia petroli nusu, tia oili yote uliyoipima, funga, tikisa vizuri. Kisha ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Tikisa pia kila utakapojaza tangi, na mimina kwa kupitia chujio la wavu mwembamba. Kidumu kiandikwe kwa rangi: PETROLI YENYE OILI, pamoja na kipimo na tarehe. Bila ya maandishi hayo mtu atatia petroli tupu akidhani imekwisha kuchanganywa. Mchanganyiko utumike katika muda wa mwezi mmoja. Uliobaki zaidi usiutegemee.

Na baada ya mpulizo wa mwisho, usiiweke mashine ghalani na petroli ndani yake. Kutoka Septemba hata Juni ni miezi mingi. Petroli iliyobaki katika kabureta hukauka ikawa kama utomvu, ikaziba vijitundu vyake. Na mwaka ujao mwenyewe husema mashine imelogwa. Mwaga tangi lote, kisha washa injini mpaka izime yenyewe kwa kukosa mafuta. Kazi hii ni ya robo saa, nayo hukuokoa gharama ya fundi.

Twaongeza neno la hatari. Petroli ni moto uliolala. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Nyumbani kwetu kidumu kimoja chatosha kuteketeza jamaa. Kisiwekwe chumba cha kulala wala karibu na jiko au koroboi. Petroli isitiwe katika chupa ya soda au ya maji mahali watoto wafikapo, maana mtoto mwenye kiu haulizi. Usiinyonye kwa mdomo katika mpira. Usijaze tangi injini ikiwa ingali moto, na mtu asivute sigara karibu. Tena kumbukeni kwamba salfa yenyewe huwaka, na vumbi lake likikutana na cheche ni hatari.

Jambo la tano ni dhamana. Aghalabu mwenye shamba hana mashine. Hukodi kijana aliye nayo, akapatana naye kwa mti au kwa siku. Mara nyingine petroli hununuliwa na mwenye shamba, na oili huachiwa mwenye mashine. Hapo ndipo ugomvi uzaliwapo. Kila mmoja abana upande wake, na mashine ikifa kila mmoja amnyoshea kidole mwenzake. Twatoa shauri kwamba patano lisemwe wazi mbele ya shahidi kabla ya kazi: nani anunua petroli, nani anunua oili, na kipimo ni kipi. Na mchanganyiko ufanywe mbele ya wote wawili, kwa bomba lile la mililita 20. Mwenye mashine asiione aibu kupima. Kupima si kumdhania mtu wizi.

Vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI, chama chetu kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, vyaweza kusaidia kwa jambo dogo: kununua kwa pamoja oili iliyo na herufi zipasazo na kuwagawia wanachama kwa bei ya jumla, na kuweka daftari la mashine zilizoko kijijini, kila moja na kipimo chake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na Walimu wetu, ambao kila mwaka huwafundisha watoto hesabu za uwiano kwa mifano ya maembe na machungwa, twawaomba wachukue mfano wa petroli na oili. Mtoto wa darasa la sita ajuaye kwamba lita 5 kwa 25:1 ni mililita 200, aweza kuiokoa mashine ya baba yake.

Nchi hii imekwisha kuona mitambo mikubwa ikifa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947, ukaifikia Nachingwea, na mwaka 1951 Serikali yao iliuvunja. Reli iliyojengwa kwa ajili yake kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hata Nachingwea, nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mitambo mingi ya mradi ule, nyuma ya mipango yake mikubwa, ilikuwa imekwisha kuchakaa kabla ya kufika shambani, na wengi walioiendesha hawakupewa muda wa kufunzwa. Mashine ndogo ya mgongoni si ya serikali ya mbali. Ni ya mtu wa hapa, imenunuliwa kwa korosho za hapa, na fundi wake wa kwanza ni yeye aijazaye mafuta.

Basi kwa ufupi: petroli ya kituoni, safi na mpya, pasipo mafuta ya taa wala maji, oili ya mapigo mawili ya injini ipozwayo kwa upepo, kipimo cha kitabu cha mashine, na penye shaka 25:1, mchanganyiko wa mwezi mmoja tu, na tangi tupu msimu uishapo. Haya hayazidi uwezo wa mtu yeyote aliye katika mkutano huu. Kesho kabla ya jua kuwa kali, kila mwenye mashine na aifungue, aangalie maandishi ya kifuniko chake, ayaandike katika daftari la kijiji. Na asiyeona maandishi amwulize mwenzake mwenye mashine ya namna ile ile.